Arosto imekwisha, mbona amerudi kwenye unga?

Mwanangu anavuta unga (heroini). Tulimfungia ndani wiki nzima, arosto ikaisha, akanawiri. Sasa karudi kijiweni. Kuna mkono wa mtu? (Mama, Tandika)

Hakuna mkono wa mtu, mama. Arosto, yaani mwili kudai unga kwa miayo, kamasi, jasho, kuharisha na mifupa kuuma, huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete (kipakiti cha unga) ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja hivi. Hapo mwili umetulia, lakini ubongo bado. Akipita uchochoro ule ule na kukutana na washikaji wale wale, hamu inaamka upya. Wengi huanguka mara kadhaa kabla ya kuacha.

Mimi linanitisha jambo jingine. Baada ya wiki ile mwili wake umepoteza mazoea, na kipimo alichokuwa anakimudu zamani sasa kinaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka jela au soba (nyumba za kuachia dawa za kulevya) huwa za hatari sana. Badala ya kununua kufuli kubwa zaidi, mpeleke kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga.

Methadoni si unga wa serikali tu? (Msomaji, Morogoro)

Maneno haya nimeyasikia hata kwa watu wa afya, na yanakera. Nguvu ya kete inaisha baada ya saa chache, na mtu anaingia tena mtaani kutafuta nyingine, kwa kuomba au kwa kuiba. Methadoni ni dawa ya maji. Anaimeza mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, na ikiwa kipimo kimekaa sawa inazuia arosto mpaka kesho yake bila kumlewesha. Akitoka dirishani anakwenda kibaruani kwake. Muhimbili walianza mwaka 2011, wakafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Dawa ni bure, ila nauli ya kila siku inawaumiza wengi.

Akianza dawa za kifua kikuu, awaambie kliniki mapema. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huimaliza methadoni haraka mwilini, arosto inarudi, na mgonjwa anaanza kulalamika kwamba dawa imechanganywa maji. Anachohitaji ni kuongezewa kipimo.

Mdogo wangu anavuta tu, hajidungi. Ana nafuu? (Kaka, Tanga)

Kwa VVU na homa ya ini zinazopita kwenye sindano, ndiyo. Kwa uraibu, hapana.

Mume wangu anakunywa gongo kila siku, miaka sasa. Kaapa kuacha kesho. Nimwage iliyobaki? (Dada, Moshi)

Subiri kwanza, dada. Arosto ya unga inatesa lakini ni nadra kuua. Ya pombe inaua. Mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, kupata kifafa na kuona vitu visivyokuwepo ndani ya siku mbili tatu. Aende hospitali kwanza, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1, aache akiwa chini ya uangalizi.

Nikimkuta mtu kazidisha unga nifanyeje? (Kijana, Malindi)

Ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imegeuka buluu na haamki, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni. Kama anapumua, mlaze ubavu. Mkimbize hospitali wamchome naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini. Akizinduka atataka kuondoka. Mzuie, kwa sababu naloksoni huisha mwilini kabla ya heroini na pumzi inaweza kukatika tena.