Ukitaka mzee akusimulie dansi, muulize alirudije nyumbani

Muulize mzee yeyote wa Ilala au Temeke dansi la zamani lilikuwaje. Atakwambia lilikuwa tamu, siyo kelele zenu hizi, kisha atarudi kwenye gazeti lake. Hakubanii. Swali lenyewe halina pa kushika.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwachokonoa watu waliokuwa mashabiki wa Msondo na Sikinde, bendi mbili kubwa za dansi za Dar es Salaam. Nilianza na ndugu, nikaja kwa majirani, na siku hizi ni mtu yeyote mwenye mvi ninayemkuta anatingisha bega redio ikiweka zilipendwa. Hamu hii ilinipata kwa sababu ya misiba. Remmy Ongala alitutoka 2010, Muhiddin Gurumo 2014, Shaaban Dede 2017. Kila mara magazeti yaliandika marehemu alipigia bendi gani na nani alikuja kuzika, na ni haki yake. Ila yule aliyekuwa amesimama mbele ya jukwaa shati limemlowa jasho, hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye naye anazeeka.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna baba, shangazi au mjomba aliyewahi kukanyaga kumbi kama DDC Kariakoo au Amana, nakushauri uanze mapema, na uanzie kwenye usafiri.

Shangazi yangu alikuwa Sikinde damu. Nilimzunguka wee na maswali ya bendi, akawa ananijibu "nzuri", "watu walijaa", "tulicheza sana". Nikabadilisha.

"Sasa shangazi, mkitoka pale Kariakoo usiku, Magomeni mlirudije?"

"Kwa miguu, mwanangu. Kundi zima tunakatiza Jangwani, viatu mkononi."

"Viatu mkononi kwa nini?"

"Kiatu chenyewe kimoja. Kikiingia tope la Jangwani, kingine unakipata duka gani?"

Hapo mlango ukafunguka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 80, Vita vya Kagera vimetoka kuisha, madukani hakuna kitu, sabuni inapangiwa foleni. Gauni lake la kutokea alilifua kwa majani ya mpapai, akaliombea likauke kabla ya jioni. Kutoka kwenye gauni akaja kwa aliyemsifia gauni, akaja kwa meza waliyokaa, kisha, bila mimi kuuliza, akaanza kuniambia nani aliimba nini usiku ule na nani alichelewa kupanda jukwaani. Bendi ilikuwa humo kichwani muda wote, imekaa nyuma ya kile kiatu. (Kuna jambo la huyo aliyesifia gauni ambalo siliandiki hapa, maana wajomba wanasoma.)

Wanaume wengi huwa hawaanzii kwenye nguo. Wao wanaanzia kwenye ubishi, na ubishi una faida yake ukijua kuuchambua. Hapa itabidi uijue kidogo historia ya bendi zenyewe, kwa sababu shabiki mzee akikutajia mwaka, usiuandike bado. Mwaka ndicho kitu cha kwanza kupotea kichwani. Watu wanabaki, na kumbi zinabaki.

Msondo yenyewe ni kalenda. Ilianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilishwa jina bendi nayo ikabadilika: ikawa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 70, OTTU miaka ya 90, ndipo ikabaki na Msondo Ngoma peke yake. Mzee akisema "tulikwenda kuwaona NUTA", ameshakupa mwaka bila kujua. Sikinde nayo ilianza 1978 kama Mlimani Park, ikiwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na DDC, shirika la maendeleo la jiji, ikaichukua 1983. Anayekwambia aliiona "DDC Mlimani" wakati wa vita hajakudanganya, ila ameazima jina la baadaye akalivalisha usiku wa mwanzo.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni hamahama ya wanamuziki. Mashabiki wa mpira wanajua usajili wa Simba na Yanga. Wenzao wa dansi walijua nani kachukuliwa na nani kwa dau gani. Gurumo alitoka NUTA, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park 1978, akaondoka 1985 kwenda Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule, baadaye akarudi alikotoka na huko akabaki hadi alipostaafu. Kwa hiyo mtu akisema alimwona Gurumo na Sikinde, tayari una kipande cha miaka saba cha kufanyia kazi. Shaaban Dede ni mgumu zaidi, alizunguka mno. Na Saidi Mabera hakusaidii kabisa katika hili: mpiga solo huyo alikaa Msondo miaka na miaka tangu enzi za NUTA, majina ya bendi yakimpita yeye yupo tu na gitaa lake.

Mjomba wangu wa Msondo aliniapia kwamba alimwona Gurumo na Msondo "mwaka ule Maradona alipofunga kwa mkono". Hiyo ni 1986. Gurumo wakati huo alikuwa Ndekule. Ningeweza kumwambia mjomba umechanganya, na hapo ndipo mazungumzo yangekufa, kwa sababu hakuna mzee anayependa kusahihishwa na mtoto aliyemwona anatambaa. Nikamuuliza ukumbi gani.

"Kimara kule."

"Kimara mbali yote hiyo, mjomba?"

"Enhe! Tulipakiwa nyuma ya pikapu, kwenye magunia ya mkaa. Nikafika suruali yangu nyeupe imekuwa ya fundi magari."

Kimara ndiko walikokuwa Safari Sound. Kumbe mwaka alioushika ni sahihi, bendi ndiyo iliyomponyoka, pengine kwa vile yeye ni Msondo na hapendi kukumbuka kwamba alilipa kiingilio kwa wengine. Sikumwambia. Kwenye daftari niliandika maneno yake kama alivyoyasema, na pembeni kwa penseli: Ndekule?

Ushauri mwingine, na huu ndio ninaoupenda kuliko yote: mpigie wimbo, halafu msubiri kwenye mwisho. Nyimbo nyingi za dansi zina mwanzo wa taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, halafu linakuja chemko, magitaa yanakaza mwendo, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, watu wanaacha viti. Sisi tuliochelewa kuzaliwa tunazijua kwa rekodi zilizofanywa studio za Radio Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa redio pekee Bara, hadi redio binafsi zilipoanza katika miaka ya 90. Rekodi ina mwisho. Ukumbini chemko halikuwa na mwisho wa kudumu. Lilikwenda kadiri watu walivyolitaka, mwimbaji akitaja majina ya waliomtuza, mpiga tumba akipewa nafasi yake peke yake, wapulizaji wakiingiza vipande ambavyo havikuwahi kufika redioni.

Sasa wimbo ukiisha kwenye simu, usiweke mwingine. Uliza: "Hapa ukumbini walikuwa wanaendelea vipi?" Jirani yetu mmoja, mstaafu wa bandari, mtu wa maneno machache, alisimama sebuleni akaimba tarumbeta kwa mdomo, pa-pa-raa, mkono wa kulia unabonyeza hewani, kisha akashusha sauti akawa besi, akapiga paja akawa tumba. Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alichokiimba hakimo katika rekodi yoyote niliyoisikia. Nilichoshukuru ni kwamba simu ilikuwa inarekodi.

Kuhusu kurekodi: weka simu mezani, ifunike na gazeti kama mzee anaona haya kamera, na chukua sauti tu. Video inawafanya wakae kama wanapiga picha ya kitambulisho. Omba ruhusa mwanzoni, usijifiche. Kama kuna jambo la ndoa au la bibi mwingine, na litakuwepo, zima bila kuambiwa.

Hatua ya mwisho ni kumpeleka. Msondo na Sikinde zenyewe hazijafa, na onyesho la dansi la kweli jijini bado linapatikana, ukifuatilia matangazo ya bendi zenyewe. Lakini kumpeleka mzee dansini kuna adabu yake. Fika mapema, kabla ya wenye fujo. Saa za mwanzo, ukumbi ukiwa nusu tupu, ndipo bendi huwa hazina haraka na hugusa nyimbo ambazo baadaye usiku hazipati nafasi, na ndipo wazee wenzake nao wanapokuja. Usimkalishe karibu na spika. Mwagizie supu au mishikaki mapema, bia iwe hiari yake. Na mpe noti ndogondogo mfukoni bila kelele, kwa ajili ya kutuza. Hili usilipuuze. Mzee aliyezoea kutuza akikaa bila kitu mkononi anajisikia mgeni, anaanza kusema muziki umeharibika. Mjomba alipopewa zake, aliinuka taratibu, akajipanga shati, akaenda mpaka mbele, akabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji kijana ambaye hakuwa amezaliwa enzi hizo. Kijana akamuuliza jina sikioni, akalitia ndani ya wimbo. Tukiwa kwenye bajaji ya kurudi, mzee aliongea bila koma kuanzia ukumbini hadi Buguruni, majina, kumbi, ugomvi wa mlangoni, mtu aliyeingia kwa tiketi ya jana. Ukipanda bajaji na mtu wa namna hiyo, mwombe dereva azime redio.

Wenzangu wa rika langu, mliokesha ukumbi wa Mango Garden enzi za bendi ya Twanga Pepeta, msidhani haya ni ya wazee tu. Zile klipu za sekunde thelathini mlizojaza kwenye simu hazina hata jina la ukumbi. Ukitoka kwenye onyesho, kabla hujalala, jirekodi sauti ya dakika mbili: tarehe, mahali, ulikwenda na nani, nani aliimba, nani aliharibu, ulirudi na usafiri gani. Matusi ya mlangoni yaache yaingie pia.

Na faili zenyewe zipe majina yanayoeleweka, yaani nani anasimulia, bendi gani, ukumbi gani, umerekodi lini, halafu mtumie mtu mwingine angalau mmoja, kwa sababu simu za Kariakoo hazina mwenyewe. Mimi zangu zipo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Binamu yangu wa Mbagala ameshaanza kubisha kwamba mjomba hajawahi kufika Kimara, na kwamba suruali ile nyeupe ilikuwa ya baba yake.