Wosia haulali sandukuni, unarekebishwa

Jamani tuongee kidogo mambo ya wosia, maana huku kwetu Ujiji ukilitaja tu hilo neno watu wanakuangalia kama unajichuria. Ba'mdogo wetu alikuwa nao kabisa, una saini na mashahidi, ila aliuandika zamani hakuugusa tena. Siku tunausoma tunakuta kiwanja cha Mwandiga alishakiuza, boti ya dagaa pale Kibirizi imeandikwa yake yote wakati mashine alichanga na mwenzake nusu kwa nusu, halafu kitinda mimba hayumo kwa sababu alikuwa hajazaliwa. Vikao vikaanza, na watu wakaanza kununiana.

Kwa hiyo ushauri wangu anza na daftari kabla hujamtafuta mwanasheria. Orodhesha shamba la michikichi, mipaka yake, unapakana na nani na karatasi za kuuziana ziko wapi, mitumbwi, nyavu, hela ya kwenye simu, hisa za kikoba, na MADENI, unayodai na unayodaiwa, hapo ndo wengi tunajisahaulisha. Mali ya ubia andika fungu lako tu, na jasho la mke wako usiligawe kama lako, hiyo ni kesi unawaachia watoto.

Sheria yenyewe sio ngumu kihivyo. Kwa wosia wa kimila, andika kwa wino, weka tarehe na usaini mbele ya mashahidi, wasiopungua wawili kama unajua kusoma na kuandika, wanne kama hujui, na wachanganyike wa ukoo na wa nje. Anayerithi asiwe shahidi. Sisi Waislamu wasia hauzidi theluthi moja ya mali, na mrithi humuusii labda warithi wenzake waridhie, kwa hiyo muone shekhe anayeijua mirathi. Msimamizi chagua anayefikika, maana ukishafariki itabidi aende mahakamani kuthibitishwa, sasa yule kaka yenu wa mjini asiyepokea simu ndo utamtegemea kweli?

Kutunza, RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea wosia, au weka kwa mtu unayemwamini ila ndugu wajue upo wapi.

Ukiuza kitu, ukinunua, ukioa, ukizaa, rudi kwenye karatasi. Mimi naandika mpya kabisa, juu nasema huu unafuta wa nyuma, mashahidi wanasaini upya, ule wa zamani nauchana. Kufutafuta kwa kalamu na kuandika pembeni kesho watasema umeghushiwa.