Jibu: Wapiga blugrasi walijifunzia wapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama wanamuziki wa bendi za blugrasi (muziki wa ala za nyuzi kama banjo, fidla na mandolini) za vijijini kule Marekani walisomea muziki. Mtazame Bill Monroe na bendi yake, Blue Grass Boys, ya 1946, maana ndio walioupa mtindo huu sura yake. Chuo sahau.

Monroe alizaliwa 1911 Rosine, Kentucky, akiwa kitindamimba. Kaka zake walishachukua fidla na gitaa, yeye akaachiwa mandolini (na akaja kuwapita wote!). Alipofiwa na wazazi akaishi na mjomba wake, Pen Vandiver, mpiga fidla wa ngoma za kijijini, akawa anamsindikiza katika kupiga muziki. Vilevile alipiga na Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi. Watu humsahau sana huyu, lakini tega sikio: bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, imo ndani ya muziki wa Monroe.

Kwenye bendi hiyo, Earl Scruggs wa North Carolina alianza banjo utotoni, akaja kuvuma kwa kuichapa kwa vidole vitatu. Yeye na Lester Flatt, mwimbaji na mpiga gitaa kutoka Tennessee, waliwahi kuwa vibarua wa viwanda vya nguo. Fidla ilikuwa ya Chubby Wise wa Florida, besi Howard Watts.