Fundi Anajibu: Fielder Iliyotumika, Kuanzia Giaboksi Hadi Springi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Toyota Corolla Fielder. Kabla ya majibu, jueni mnazungumzia gari lipi. Fielder ya umbo la E140 ilitengenezwa kuanzia 2006 hadi 2012. Yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,496, chesisi yake huanza na NZE141. Mrithi wake, E160, alitoka 2012, na mwenye injini hiyo hiyo ni NZE161. Spea za bodi, miguu na giaboksi msizichanganye. Hata rimu ni tofauti: E140 ina nati 5, E160 ina nati 4.

Nimeonyeshwa NZE141 ya 2010, dashibodi inasoma kilomita 78,000. Nitajuaje kama ni kweli? – Msomaji, Morogoro

Dashibodi usiiamini peke yake, maana kuirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Fungua mlango wa dereva na boneti, utafute stika za sevisi za Kijapani. Huandikwa kilomita na tarehe ya kumwaga oili. Mwaka ukiwa umeandikwa kwa hesabu ya Heisei, yaani kalenda ya Kijapani, ongeza 1988: Heisei 26 ni 2014. Stika ikisema gari lilikuwa na kilomita 112,000 mwaka huo, mazungumzo yameisha. Stika zote zikiwa zimebanduliwa na kuacha alama ya gundi, jiulize ni nani aliyekuwa na haja ya kuzitoa. Tazama pia mpira wa kanyagio la breki, usukani, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Kilomita 78,000 hazimalizi mpira wa kanyagio.

Omba karatasi ya mnada wa Japani, yenye gredi ya hali ya gari. Gredi ya R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Si sababu ya kulikataa moja kwa moja, ila ni sababu ya kuinua zulia la buti, kutoa tairi la akiba na kukagua sakafu. Bati lenye mikunjo, silanti mpya iliyopakwa kwa kidole, au rangi isiyofanana ni ishara kwamba gari lilipigwa nyuma. Nyuma kukinyooshwa vibaya, vumbi huingia kwenye buti na mlango wa nyuma haufungi sawasawa.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika bomba la juu la rejeta. Likiwa la moto, rudi kesho. Injini ya 1NZ-FE inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila kilomita 100,000. Lakini cheni huchakaa oili ikipuuzwa. Unapowasha injini ya baridi, mlio wa sekunde moja unavumilika. Ukiendelea kukwaruza upande wa mikanda ya nje, cheni na tenshona (kikaza cheni) vinakaribia mwisho. Fungua kifuniko cha oili: tope jeusi chini yake linakwambia mwenye gari alikuwa wa namna gani kuliko maneno yake yote.

Kwa wasomaji wa Kenya: kanuni inayokataza kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane imeshaifunga E140 nje ya bandari, kwa hiyo kila utakayoiona imeshatumika hapo hapo nchini. Stika za Japani hazitakwambia maisha yake ya baadaye. Dai risiti za gereji.

Gari langu likiondoka linatetemeka, hasa kati ya mwendo wa 10 na 40. Fundi aliongeza oili ya gia ya kawaida lakini hali imekuwa mbaya zaidi. – Msomaji, Nakuru

Imekuwa mbaya zaidi kwa sababu ya hiyo oili. Giaboksi ya CVT, kama ya gari lako, haina gia za kupanda ngazi kwa ngazi. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma, na mkanda huo hushika puli kwa msuguano. Oili yake imetengenezwa ilinde chuma na wakati huo huo iuache mkanda ushike. Ukitia ATF ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia, mkanda unateleza, unakwangua uso wa puli, na unga wa chuma unaingia kwenye valvu za ndani. Kwa E140 oili inayotakiwa ni Toyota CVT Fluid TC, kwa E160 ni FE.

Kwanza hakikisha tatizo kweli ni giaboksi. Simama, kanyaga breki, weka D. Ikitetemeka hapo hapo na ikatulia ukiweka N, shuku injini mauntini (mipira inayoshikilia injini), hasa ile ya upande wa mikanda, au throto iliyojaa masizi. Kazi hizo ni nafuu. Ikiwa D imetulia na mtetemo unakuja gari likianza kutembea huku umekanyaga mafuta kidogo, hapo ni CVT.

Cha kufanya: egesha gari kwenye usawa, fungua plagi ya kumwagia, kinga oili yote kwenye chupa yenye alama. Kwa kawaida hutoka lita 3 hadi 4 tu. Nyingine inabaki ndani ya giaboksi na toki konvata. Rudisha kiasi kile kile kilichotoka. Endesha kilomita 200 au 300, rudia, kisha rudia tena. Katika awamu ya mwisho shusha sampu, badilisha filta na gasketi, na safisha sumaku. Unga laini mweusi kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida. Boliti za sampu zikazwe kwa kupishana na kwa mkono mwepesi, maana uzi wake umo ndani ya aluminiamu na hukatika upesi.

Kupima kiwango ndiko kunakowashinda mafundi wengi. Giaboksi yenye kijiti haina shida. Isiyo na kijiti hupimwa kwa plagi ya kufurikia iliyo chini: injini ikiwa inanguruma, gia umeipitisha kila mahali kisha ukairudisha P, oili ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45. Oili inayotiririka ipungue mpaka ibaki kudondoka, ndipo ufunge. Ukipima ikiwa ya moto sana utaiacha pungufu, kwa sababu oili huvimba kwa joto.

Mashine za kuisukuma oili kwa presha tunazikataa kwa giaboksi iliyokwisha kuchafuka. Ikiwa baada ya awamu tatu bado injini inapiga kelele na gari halivuti, au kuna mluzi unaopanda na mwendo, mkanda umekwisha. Tafuta giaboksi nyingine yenye namba inayolingana na chesisi yako.

Kwenye foleni geji ya joto inapanda, barabara kuu inashuka. Nimeshauriwa nitoe thamostati. – Msomaji, Mombasa

Usiitoe. Joto linalopanda gari likisimama na kushuka likikimbia linatokana na upungufu wa upepo. Washa AC: feni ya rejeta lazima izunguke. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei, halafu mota ya feni. Ikizunguka polepole, mota imechoka. Kama dalili zako zingekuwa kinyume, yaani joto linapanda kwenye mwendo mkali, ndipo tungeishuku rejeta iliyoziba.

Ukiwa hapo, mulika tochi wota pampu, upande wa mkanda. Chumvi ya waridi au nyeupe iliyoganda chini yake ni kulanti inayovuja polepole. Huu ni ugonjwa unaojulikana wa 1NZ. Usiongeze maji ya bomba, hasa ya Pwani yenye chumvi. Tia kulanti iliyokwisha kuchanganywa. Kifuniko cha rejeta kilicholegea nacho hushusha presha na kuleta mchemko mapema. Ni spea ya bei ndogo, kibadilishe bila kubishana.

Thamostati ya injini hii hufunguka karibu na nyuzi 82. Ukiitoa, injini hukaa baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na oili inachafuka haraka. Ukiweka mpya, kitobo chenye kijipini kielekee juu ili hewa itoke. Wenye E160 muwe macho zaidi: nyingi hazina geji, zina taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya hatari tu. Nyekundu ikiwaka, simama mara moja.

Inakula oili. Niongeze oili nzito? – Msomaji, Dodoma

Pima kwanza. Jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima tena asubuhi gari likiwa kwenye usawa. Kisha chomoa valvu ya PCV, inayopitisha mvuke wa ndani ya injini, juu ya kifuniko cha injini na uitikise. Isipolia, imeganda, na oili inanyonywa kupitia hapo. Moshi wa bluu ukitoka mara tu baada ya kuwasha, sili za valvu zimechoka. Ukitoka unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni, na hapo oili nzito itaficha ugonjwa kwa muda tu. Kumwaga oili pamoja na filta kunahitaji lita 3.7, si 4 kama wanavyozoea kumalizia galoni.

Nabeba magunia. Niweke spesa au springi ngumu? – Msomaji, Kitale

Springi ngumu za nyuma pamoja na shokapu mpya. Spesa, yaani kipande kinachowekwa kwenye springi kuinua gari, hainyanyui uwezo wa kubeba, inanyanyua bodi tu. Mbele ndiyo mbaya zaidi: spesa ya zaidi ya milimita 30 inapinda mwelekeo wa shafti, CV joint zinaanza kulia na stabilaiza linki hazikai. Baada ya kubadilisha, fanya alaimenti.

Ila kama magunia ndiyo kazi ya kila siku, umenunua gari lisilo lako. Toyota Probox ilijengwa kwa mizigo, kilo 400 kukiwa na watu wawili, na toleo la kabla ya 2014 lina otomatiki ya gia nne badala ya CVT. Viti vyake ni vigumu, kelele iko juu, lakini kwa magunia hatuna cha kuongeza.

Fielder haibridi inafaa? – Msomaji, Nairobi

Inafaa ukikagua betri kabla ya kulipa. Ni ya volti 144, imekaa chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu ya kando ya kiti hicho. Matundu yakizibwa na mizigo, vumbi au manyoya ya mbwa, betri inapikika. Safisha kichujio na feni kila mwaka. Fundi asome volti za kila bloku (kila fungu la seli za betri) kwa mashine huku gari likipanda mlima. Bloku moja ikishuka mbali na wenzake, punguza bei au ondoka.

Redio haifiki 100 FM. – Msomaji, Arusha

Redio za Japani huanzia 76 na kuishia karibu na 90. Kifaa cha kupanua masafa kipo, lakini stesheni huchanganyikana. Nunua redio nyingine.