Kadi Haiingizwi kwa Kiwiko

Juzi alasiri nimemkuta kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo amepiga goti sakafuni, seva iko wazi mbele yake, anaikandamiza kadi kwa viganja viwili kama anayesukuma gari lililozimika. "Kaka, imegoma. Niongeze nguvu?" Nikamwambia aiache, akanawe uso, arudi tuongee. Kadi ilikuwa PCI-X, sloti (tundu la kuichomekea) PCI Express: aina mbili tofauti za kuunganisha kadi na kompyuta. Kila kundi linalokuja hapa Tabora linaanzia papo hapo, kwa hiyo safari hii naandika. Atakayefuata nitampa asome, mimi ninywe chai yangu.

1. X siyo Express. PCI ilitoka 1992: biti 32 (upana wa njia ya data), megahezi 33 (mwendo wake), megabaiti 133 kwa sekunde. PCI-X ni mwanawe wa mwishoni mwa miaka ya tisini, biti 64, hadi megahezi 133. Express ya 2003 ina umbo jingine kabisa, hawaingiliani hata mkiomba dua. Kwenye oda andikeni jina zima. Muuzaji wa Kariakoo hatawauliza mlimaanisha nini. Atafunga mzigo, ataupakia kwenye basi, na nauli ya kuurudisha ni yenu.

2. Someni mikato ya kadi, yaani mapengo kwenye ukingo wake wa kuchomekea. Ulio karibu na bati la nyuma ni wa volti 3.3, wa upande wa mbali ni wa volti 5, na kadi yenye yote miwili inakaa kotekote. Kadi ndefu ya biti 64 ikining'iniza mkia nje ya sloti fupi msishtuke, inafanya kazi, ila itakwenda kwa biti 32.

3. Jueni nani anakaa basi moja na nani. (Basi la data, yaani njia ambayo kadi kadhaa hupitishia data kwa pamoja, siyo la Kigoma.) Hapa nitawaambia ukweli, maana bado unanichoma.

Nilikuwa na seva ya ofisi moja, kidhibiti cha diski za SCSI (aina ya muunganisho wa diski za seva) kikiwa kwenye sloti ya PCI-X ya megahezi 100. Wakataka kadi ya pili ya mtandao. Kabatini nilikuwa na moja kuukuu, PCI ya megahezi 33, nikaichomeka kwenye sloti tupu ya jirani. Seva ikawaka, mtandao ukasoma, nikaenda zangu nyumbani nikijiona fundi.

Wiki hiyohiyo bakapu ya usiku, iliyokuwa ikihamisha data kutoka kundi moja la diski kwenda jingine na kumaliza kabla ya alfajiri, ikaanza kukutwa na wafanyakazi saa mbili asubuhi bado inasuasua. Nikalaumu diski, nikabadilisha mbili nzima. Nikalaumu umeme. Nikalaumu vumbi, nikapuliza mpaka nikakohoa. Nikapakia upya mfumo mzima Jumapili, mke wangu akidhani nina mambo yangu mjini. Mhasibu wao, mama mpole, akawa ananiuliza tu, "Baba, leo je?" Afadhali angenitukana.

Siku ya kumi na kitu ndipo nikaona. Kila nilipofungua seva, kifuniko nilikilaza mezani, ndani kikitazama juu, nikakifanya sinia la skrubu. Siku ile naokota skrubu ya mwisho, chini yake kuna mchoro uliobandikwa na kiwanda: sloti zote, basi zake, megahezi zake. Ile ya kidhibiti na ile ya jirani zimefungwa kwa mstari mmoja. Kwenye basi moja la PCI-X wote hufuata mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Kadi yangu ya bure ilikuwa imekishusha kidhibiti kutoka megahezi 100 hadi 33, kama treni ya abiria iliyokwama nyuma ya kiberenge kwenye njia moja kuelekea Malagarasi. Nikaihamishia sloti yenye basi lake, dakika tano. Usiku huo bakapu ikamaliza mapema. Mama mhasibu nilimwambia ilikuwa "hitilafu ya kitaalamu". Mungu anisamehe.

4. Chomoeni waya, kuzima hakutoshi. Kitaa kikiwaka kwenye ubao mama, umeme wa kusubiri ungalimo.

5. Sloti ya Express yenye urefu wa x16 (njia 16 za data) inaweza kuwa na nyaya za x4 tu, yaani njia nne. Someni maandishi ubaoni, urefu unadanganya.

6. Vibati vya sloti tupu vina kazi: vinaongoza hewa. Pia vinazuia wageni. Nimewahi kumtoa mjusi mkavu ndani ya mashine mjini hapa, kakaa vizuri kabisa kati ya sloti mbili, kama naye alikuwa kadi. Aliyeviondoa alivipeleka wapi, mpaka leo sijui.

Kijana wetu, kadi yako sahihi inafika kesho na basi la usiku. Nauli ya mzigo nimelipa mimi, ila kifuniko cha ile seva nimekiweka mezani kwako. Toa kikombe juu yake.