Ukitaka kuijua biashara ya zamani ya mbao, fuata waliokuwa wakiidai

Wengi wanaochunguza kampuni ya zamani huanza kwa kutafuta vitabu vya kampuni yenyewe. Kwa wafanyabiashara wa mbao wa Port Glasgow, bandari ya Uskoti kwenye mto Clyde ambayo nimeifuatilia kwa muda mrefu, vitabu hivyo mara nyingi havipo tena. Ushauri wangu ni huu: watafute walioidai kampuni, walioitoza kodi na walioirithi. Hao walitunza karatasi zao.

Anza na gazeti rasmi la serikali, Edinburgh Gazette, linalosomwa bure mtandaoni. Mfanyabiashara alipofilisika, au wabia walipoachana, tangazo lilitoka humo likitaja jina, kazi, mji na siku ya mkutano wa wadai. Ni mistari michache tu, lakini ile tarehe ndiyo unayoihitaji. Ukiwa nayo unaweza kwenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa mjini Edinburgh na kuomba jalada la kesi ya ufilisi. Ukibahatika, ndani yake lipo daftari la vikao vya msimamizi wa mali ya muflisi. Lisome polepole, hata kama mwandiko unachosha macho. Humo utaona nani alikopesha, magogo gani yalibaki bila kuuzwa, na pengine hisa za meli, kwa kuwa meli ya Uingereza iligawanywa katika hisa 64 na wauza mbao wengi walipenda kuzinunua. Sijaona karatasi nyingine inayoonyesha biashara ikiwa wazi namna hii.

Aliyekufa bila kufilisika tafuta mirathi yake kwenye tovuti ya ScotlandsPeople. Faharasa ni bure, nakala hulipiwa. Lakini kumbuka kwamba kabla ya 1868 ardhi haikuweza kurithishwa kwa wasia huko Uskoti, hivyo orodha ya mali itataja fedha, madeni na shehena, na uwanja wa mbao usiuone kabisa. Usidhani hakuwa nao. Uwanja utaupata kwenye rejesta ya ardhi iitwayo Sasines, iliyoanza 1617, na kuanzia 1855 kwenye daftari za kodi ya majengo, zinazoandika mwenye mali, mpangaji na mkaaji.

Halafu fungua ramani za Ordnance Survey, idara ya serikali ya upimaji na ramani, kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Hapo pwani ya Port Glasgow inakueleza mtaji ulivyolala majini. Magogo yalihifadhiwa ndani ya mabwawa yaliyozungushiwa nguzo, maji ya bahari yakiingia na kutoka, ili yasikauke na kupasuka kabla ya kuhitajika na waunda meli. Safu za nguzo hizo bado zinaonekana maji yakipwa. Nenda ukazione, kwa sababu ukubwa wake hauingii akilini kwa kutazama ramani peke yake.

Jiulize pia magogo yalitoka wapi. Vita vya Napoleon vilipoitia mashakani biashara ya mbao kutoka nchi za Bahari ya Baltiki, Uingereza ilipandisha ushuru wa mbao za kigeni, na wafanyabiashara wakageukia makoloni ya Amerika Kaskazini. Pollok, Gilmour & Co., kampuni ya mbao iliyoanzishwa Glasgow mwaka 1804, ilifungua tawi Miramichi, katika koloni la New Brunswick, mwaka 1812. Kwa hiyo nusu ya habari za kampuni ya Clyde inaweza kuwa imekaa kwenye hifadhi ya nyaraka ya New Brunswick mjini Fredericton, Kanada. Waandikie.

Kampuni hiyo inafundisha tahadhari nyingine: ilikuwa na akina Allan Gilmour kadhaa, mjomba au ami na wapwa, kwani Waskoti waliwapa watoto majina ya wazee wao kama tufanyavyo sisi. Usiunganishe watu kwa jina tu. Linganisha mwaka, anwani na jina la mke. Nyaraka za kisheria za Uskoti humtaja mke kwa jina la ukoo wa baba yake, na ukilifuata jina hilo huenda ukamfikia baba mkwe, ambaye mara nyingine ndiye aliyetoa fedha za kuanzia.