Kabla ya Kudai Mgawo wa Faida Kama wa Washindani: Niliyojifunza Katika Meza ya Majadiliano

Kila mwanzo wa mwaka, mashirika ya ndege yanapotangaza hesabu za mwaka uliopita, mazungumzo ya wafanyakazi hubadilika. Wahudumu wanaosubiri safari, mafundi walio karakana na marubani wanaopitia taarifa za hali ya hewa huulizana jambo moja kuhusu mgawo wa faida, yaani sehemu ya faida ya kampuni inayolipwa kwa wafanyakazi: wenzetu wa shirika lile wamepewa kiasi gani, na kwa nini sisi hatupati? Nimelisikia swali hilo kwa miaka 17 niliyofanya kazi ya uhudumu ndani ya ndege, na kwa miaka 6 kati ya hiyo nililibeba mwenyewe nikiwa mjumbe wa kamati ya majadiliano ya chama chetu. Ni swali la haki kabisa. Hata hivyo, likiulizwa kwa haraka, linaweza kumfanya mfanyakazi atoe kitu ambacho hakukusudia kukitoa.

Sisi tulikitoa. Mwajiri wetu alikuwa amepata faida miaka mitatu mfululizo, na mshindani wetu mkubwa alikuwa ametangaza mgawo unaozidi mshahara wa mwezi mmoja. Wanachama walitutuma tukadai mgawo kama huo. Tulijiandaa kwa mvutano mrefu, lakini mwajiri alikubali asilimia ileile karibu bila kupinga, kisha akatuomba tushushe nyongeza ya mshahara wa msingi kutoka asilimia 5 kwa mwaka hadi asilimia 2. Tulipiga hesabu kwa kutumia faida ya mwaka uliotangulia, tukaona kwamba mgawo ungezidi nyongeza tuliyoiacha, tukatia saini. Mwaka wa kwanza fedha ziliingia na watu wakafurahi. Mwaka wa pili bei ya mafuta ilipanda, faida ikatoweka, na mgawo ukawa sifuri, ilhali mshahara wa msingi ulibaki chini kwa muda wote uliosalia wa mkataba. Mwenzetu mmoja aliyestaafu katika kipindi hicho alikokotolewa mafao yake kwa mshahara wa mwisho uliokuwa mdogo kuliko ambavyo ungekuwa, na hakuna mgawo wa mwaka wowote utakaomrudishia tofauti hiyo. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu saini yangu imo katika mkataba ule.

Ndiyo maana ninawasihi wanaojiandaa kwa majadiliano wasikubali kamwe mgawo wa faida na mshahara wa msingi vibadilishane nafasi kana kwamba ni fedha za aina moja. Mshahara wa msingi ndio unaotumika kukokotoa malipo ya saa za ziada, mchango wa pensheni, malipo ya likizo na kiinua mgongo, na nyongeza ya mwaka huu ndiyo msingi wa nyongeza ya mwaka ujao. Mgawo hulipwa mara moja, mara nyingi hauingizwi katika hesabu za mafao, na mwaka unaofuata huanza upya kutoka sifuri. Anayeacha asilimia 3 za mshahara kwa miaka minne haachi asilimia 12 tu, kwa kuwa anaendelea kuzikosa katika kila mkataba utakaojengwa juu ya ule.

Marekani ndiko utaratibu huu ulikokomaa zaidi, na historia yake inafundisha mengi. Southwest ilianzisha mgawo wake mwaka 1973, ikiwa ya kwanza miongoni mwa mashirika ya ndege nchini humo. Kwa Delta, mpango unaojulikana leo ulitokana na mateso ya kufilisika: shirika hilo liliomba ulinzi wa mahakama Septemba 2005, wafanyakazi wakakatwa mishahara na mafao, na ahadi ya kushiriki faida ikawa sehemu ya kile walichoahidiwa shirika litakaposimama tena. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi tunatazama hundi ya mshindani bila kutazama alichokilipia. Mgawo mkubwa wa leo unaweza kuwa fidia ya mishahara iliyokatwa jana, na anayedai fidia hiyo bila kuwa amepitia makato hayo anapaswa kujiandaa kuulizwa atatoa nini.

Mwaka 2015 suala hili lilijitokeza waziwazi katika shirika hilohilo. Wafanyakazi wa Delta wasiokuwa chini ya mkataba wa chama walipewa nyongeza ya asilimia 14.5 ya mshahara wa msingi huku fomula ya mgawo wao ikipunguzwa. Marubani, ambao wana chama, waliletewa makubaliano ya awali yaliyopunguza mgawo wao pia, na Julai mwaka huo wakayakataa kwa takriban asilimia 65 ya kura. Mkataba waliouidhinisha Desemba 2016, kwa asilimia 82, uliwapa nyongeza kubwa na mgawo ukabaki. Nikiwa upande wa wafanyakazi, ninaona makundi yote mawili yalikuwa na sababu zake, kwani nyongeza ya asilimia 14.5 iliyo ndani ya mshahara si kitu cha kudharau. Tofauti iliyopo ni kwamba kundi moja lilipata nafasi ya kusema hapana na kurudi mezani.

Sasa tuingie katika fomula yenyewe, kwa kuwa humo ndimo wengi wetu tunamopotea. Fomula ya Delta inayojulikana sana hutoa asilimia 10 ya faida ya kabla ya kodi hadi dola bilioni 2.5, na asilimia 20 ya kiasi kinachozidi hapo. Faida ikiwa dola bilioni 5, mfuko wa wafanyakazi unakuwa milioni 250 kwa sehemu ya kwanza na milioni 500 kwa sehemu ya pili, jumla milioni 750. Faida ikishuka kwa nusu hadi bilioni 2.5, mfuko haushuki kwa nusu bali unabaki milioni 250, yaani theluthi moja ya ule wa awali. Mgawo wa aina hii huyumba kuliko faida yenyewe, na faida ya usafiri wa anga huyumba kuliko ya biashara nyingi. Februari 14, 2020 Delta iliwalipa wafanyakazi wake dola bilioni 1.6, karibu mshahara wa miezi miwili kwa kila mmoja. Janga la korona likafuata, mwaka huo shirika likapata hasara ya dola bilioni 12.4, na mwanzoni mwa 2021 hapakuwa na mgawo wa kulipa.

Kuna jambo jingine ambalo kamati yetu haikulielewa hadi tulipopata msaada wa mhasibu. Mfuko ukishapatikana, hugawanywa kwa jumla ya mishahara ya wanaostahili ili kupata asilimia atakayolipwa kila mmoja. Mashirika mawili yanaweza kuwa na fomula inayofanana neno kwa neno, lakini lile lenye faida ndogo na wafanyakazi wengi likatoa asilimia 2 ya mshahara wa mwaka wakati jingine linatoa asilimia 12. Kudai fomula ya mshindani bila kuwa na faida ya mshindani ni kudai karatasi. Vilevile, ulizeni faida inayozungumzwa ni ipi: ya kabla ya kodi au ya baada yake, kabla au baada ya kuondolewa gharama zisizo za kawaida, kama vile za kuachana na aina fulani ya ndege. Neno moja katika ufafanuzi huo linaweza kupunguza mfuko kwa mamilioni bila mtu yeyote kugusa asilimia. Tena, ulizeni fomula imeandikwa wapi. Ikiwa katika mkataba wa hali bora, yaani ule ambao mwajiri na chama hutia saini pamoja, mwajiri hawezi kuibadilisha peke yake. Ikiwa katika sera ya kampuni, barua moja inatosha.

Kuhusu ulinganisho wa mishahara, niseme wazi kwamba kiwango cha saa pekee hudanganya. Katika mashirika mengi mhudumu hulipwa kwa saa za ndege, zinazoanza kuhesabiwa milango inapofungwa au ndege inapoondoka kwenye maegesho, hivyo dakika zote za kupokea abiria na kupanga mizigo yao hupita bila malipo. Delta ilipoanza mwaka 2022 kuwalipa wahudumu nusu ya kiwango cha saa kwa muda wa kupandisha abiria, ulinganisho wote na mashirika mengine makubwa ya Marekani ulibadilika. Kwa hiyo anayelinganisha atazame saa za uhakika kwa mwezi, posho ya safari, mchango wa mwajiri katika pensheni na bima, miaka inayohitajika kufikia kilele cha ngazi ya mshahara, na siku halisi ambazo mtu hulala nje ya nyumba yake ili kupata kiasi hicho. Njia iliyotusaidia sisi ilikuwa kumtafuta mfanyakazi wa upande wa pili mwenye miaka sawa ya utumishi na aina ileile ya ndege, tukaomba kwa ridhaa yake hati zake za mshahara za miezi 12, tukaziweka kando ya zetu. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu kazi hii ina misimu.

Hoja ya washindani ina nguvu, na sitaki mtu aiache. Aprili 2017 American Airlines iliwapandishia mishahara marubani na wahudumu wake katikati ya mkataba, bila kulazimishwa na kifungu chochote, ili kupunguza pengo kati yao na wenzao wa Delta na United. Wawekezaji hawakufurahi, na hisa zake zikashuka. Mwajiri anapowaambia kwamba mkataba haufunguliwi hadi muda wake uishe, mna mfano wa kumwonyesha kwamba akitaka, hufunguka.

Jambo ambalo huzungumzwa kidogo, nami nadhani ni la aibu kwetu sote tulio angani, ni namna mgawo unavyogawanywa. Asilimia moja kwa wote inaonekana kuwa sawa, lakini kwa kuwa inapimwa kwa mshahara, rubani mkuu hupata mara nyingi zaidi ya mpakiaji wa mizigo aliyesimama juani ili ndege iyo hiyo iondoke kwa wakati. Katika kamati yetu nilipendekeza sehemu ya mfuko igawanywe kwa viwango sawa kwa kila mtu, na upinzani mkali zaidi haukutoka kwa mwajiri. Ulitoka kwa wanachama wetu wenyewe. Sikufanikiwa. Bado ninaamini pendekezo lile lilikuwa sahihi, na ninawaomba wajumbe wa kamati nyingine wajaribu pendekezo hilo kabla makundi hayajaanza kuhesabu fedha ambazo hazijapatikana.

Katika awamu iliyofuata tuliingia mezani tukiwa na utaratibu tofauti. Tulijadili kwanza mshahara wa msingi hadi ukakamilika na kuandikwa, na tukakataa kutaja mgawo hadi ukurasa huo ulipofungwa. Tulipata nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, kisha mgawo mdogo uliowekwa ndani ya mkataba, unaokokotolewa kwa faida ya kabla ya kodi kama ilivyo katika hesabu zilizokaguliwa, pamoja na haki ya chama kumleta mhasibu wake kuzihakiki. Siku ya kuwasilisha makubaliano, mhudumu mmoja kijana alisimama akasema kwamba mgawo huo ni nusu ya ule wa washindani. Nilimjibu kwamba ni kweli, nikamwomba akae nami baada ya mkutano tupitie hati yake ya mshahara, mstari wa mafao ukiwemo.